Mwezi wa Kwenda kwa Binti Yangu

Kwa miaka kumi na minane kazi yangu ilikuwa kupima mvua. Kila asubuhi saa tatu kamili niliingia kwenye kiwanja kidogo kilichozungushiwa waya ndani ya kituo cha utafiti wa kilimo pale Kiboko, nikafunua mtungi wa shaba, nikamimina maji yaliyokuwamo kwenye gilasi yenye mistari, halafu nikaandika daftarini. Nasema "maji yaliyokuwamo" kwa heshima tu. Mtungi ule ulilea buibui wengi kuliko matone. Sifuri nilizoandika pale, ukizipanga mstari mmoja, zingefika Nairobi na kurudi, na njiani zingepumzika Salama, pale mabasi yanaposimama, kunywa chai.

Kazi yenyewe niliipata kwa sababu ya gumbaru. Nilianza kusoma nikiwa na ndevu. Jioni, baada ya kibarua, sisi watu wazima tulijikunja kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa masikio, huku mwalimu aliyezaliwa juzi akituita "darasa." Mtihani wa darasa la saba niliufanya mwaka mmoja na binti yangu. Yeye mchana na wenzake wenye sare, mimi kwenye chumba cha pembeni na wazee wenye miwani ya kuazima. Alinishinda. Alinishinda kwa mbali sana, na hesabu zote za sehemu alinifundisha yeye, mezani, kwa kukatakata chapati. Mama yake alikuwa akitupita na sufuria na kusema, "Malizeni kusoma hicho chakula, kinapoa."

Basi binti huyo akasoma mpaka vitabu vikaogopa. Akawa muuguzi, halafu kanisa likamsaidia kupata nafasi ya kwenda Kanada kusomea zaidi. Tulimsindikiza watu kama elfu mbili, ama labda arobaini, tukamwombea, akaenda. Hakurudi tena nyumbani kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo mama yake alifariki.

Hapo inabidi niseme polepole kidogo, kwa sababu safari yangu yote ilitokana na jambo hilo.

Mke wangu alikuwa ametembelea kwao, kule upande wa Mutomo, alipougua. Nilipofika hospitali ya misheni alikuwa amelala kando ya dirisha, amekonda, lakini ulimi wake ulikuwa bado mzima. Nikamwambia nakwenda posta kumpigia mtoto telegramu. Akanishika mkono. Akasema, "Usithubutu. Ana mtihani wiki ijayo. Akishamaliza, mwambie." Nikabisha. Akasema tena, kwa ile sauti ambayo mtu aliyeishi na mke miaka ishirini na sita anaijua. Nikaitii. Alikufa siku ya tatu. Hata hapo sikupeleka telegramu. Nilingoja mpaka siku ambayo kwa hesabu yangu mtihani ulikuwa umekwisha, na siku hiyo tulikuwa tumeshamzika mama yake siku sita zilizopita.

Binti aliandika barua ndefu akiilaani posta kwa kuichelewesha telegramu. Posta ya Kenya, posta ya Kanada, na kila mtu anayebeba mfuko wa barua duniani. Karatasi ilikuwa imejaa madoadoa. Nami sikumrekebisha. Miaka miwili nikawaacha watu wa posta, ambao hawakunikosea kitu, wabebe dhambi yangu.

Kwetu jambo kama hilo haliandikwi. Mtu ambaye hakuwepo ndugu yake alipokufa, akifika hupewa maji, anakaa, anapumzika, halafu mmoja aliyekuwepo anamwelezea kutoka mwanzo: ugonjwa ulianzaje, alikula nini, alisema nini, alilala upande gani. Yote. Hakuna kuruka. Mpaka aelezwe hivyo, ni kama bado hajaambiwa. Mimi ndiye niliyekuwepo. Kwa hiyo maelezo hayo yalikuwa yangu kuyatoa, kwa mdomo, uso kwa uso, pamoja na habari ya telegramu. Na yeye alikuwa upande wa pili wa dunia.

Ndipo ikaja barua yenye picha ya nyumba zilizofunikwa na kitu cheupe kama unga wa mahindi. "Baba," aliandika, "sasa nina kazi ya kudumu na nyumba yangu ndogo ya kupanga. Nataka uje unitembelee wiki tatu. Tiketi nitalipa mimi. Wewe chagua mwezi tu. Julai kuna joto zuri na ndio wakati wangu wa likizo. Lakini usijali, mwezi utakaoweza wewe ndio huo. Januari na Februari ni theluji tupu, hakuna kitu kinachoota mpaka Aprili."

Ukimwambia mpima mvua achague msimu, umemwambia samaki achague maji. Nilitoa madaftari yangu yote ya miaka kumi na mitatu niliyokuwa nimefanya hadi wakati huo nikayapanga mezani. Novemba na Desemba haiwezekani, ndiyo mvua yetu ya kutegemewa, na kituo hakiwezi kuniachilia wakati pekee ambapo mtungi unafanya kazi. Machi na Aprili ndiyo ile mvua nyingine, hata kama ni ya kudanganya. Kuanzia Mei hadi Oktoba, Julai ikiwemo, ni mbaazi. Nilikuwa na mbaazi robo eka, lakini kwa jinsi nilivyozizungumzia, ungedhani nalisha jeshi.

Ikabaki Januari mwishoni na Februari. Ndengu zimeshavunwa, mtungi umekauka, hakuna anayelima. Nikaisoma tena barua ya binti: theluji tupu, hakuna kitu kinachoota. Nikapiga meza kwa furaha. Kama ardhi yao imefunikwa na barafu, jembe litapita wapi? Hakuna kazi! Watu wote wamekaa ndani wanaota moto, wanahadithiana, kama sisi tunavyofanya mavuno yakishaingia ghalani. Msimu wa kumkuta mwenyeji nyumbani ndio huo. Nilijiona nimeigundua Kanada mwenyewe.

Barua za kigeni zilisomwa dukani kwanza, huo ndio ulikuwa utaratibu wa Kiboko. Duka lilikuwa la mama mmoja aliyehamia kutoka upande wa Mlima Kenya, mcheshi, mwenye mikono mikubwa ya kupima sukari bila mizani. Aliniita Mzee wa Mvua, na mvua isiponyesha alinidai mimi.

"Mzee wa Mvua, unaenda Januari? Kwa hiyo barafu?"

"Ndio wakati watu wako nyumbani, mama."

"Nani alikwambia?"

"Si imeandikwa hapa? Hakuna kinachoota."

"Na binti yako analima?"

"Ni muuguzi."

"Sasa wagonjwa nao wanaota Aprili?"

Watu wawili waliokuwa wakinywa soda mlangoni walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Mimi pia nilicheka. Mama akaegemea kaunta. "Yeye amekuambia Julai. Mwandikie umuulize anapumzika lini hasa. Barua ni wiki tatu tu kwenda."

"Na wiki tatu kurudi. Na mbaazi je?"

"Mbaazi zako nitakuchumia mimi na mkono mmoja, na ule mwingine nauza duka."

Nikaikunja barua. Alikuwa amesema kweli, na sikuwa tayari kwa kweli siku hiyo.

Maana kulikuwa na kitu ambacho sikukiandika katika madaftari yale. Krismasi kwetu watu hurudi. Mabasi kutoka Nairobi na Mombasa humwaga watu kando ya barabara mchana na usiku, kila boma lina mbuzi anayelia, kila jikoni kuna dada wa mjini anayelalamikia moshi. Kanisani hakuna nafasi hata ya kukohoa. Halafu Januari inaingia. Ndani ya wiki mbili wote wamekwisha kwenda, na njia ya kwangu inabaki na nyayo za kuku. Januari mbili nilikuwa nimezipitisha peke yangu katika nyumba ya vyumba vitatu. Nilipika muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, wa watu sita kwa sababu mkono wangu haukujua kupika wa mmoja, nikaula siku nne, nikizungumza na redio. Nilikuwa naijibu. Msomaji wa habari akisema "habari zenu," mimi nasema "nzuri." Januari ya tatu sikuitaka. Ningeweza kuapa mbele ya mkutano wa kanisa kwamba ni kwa ajili ya mvua na mbaazi, lakini ni hiyo tu. Kutoka Januari mpaka Julai ni mbali sana mtu anapokuwa peke yake.

Nikaandika: Nitakuja wiki ya tatu ya Januari. Jibu lilikuja fupi. "Karibu sana baba. Nimefurahi."

Nairobi nilipanda ngazi za gorofa hadi kwa wakala wa tiketi. Msichana wa pale alikuwa na simu imebanwa begani na kalamu tatu nyweleni. Aliniambia nimechagua vizuri. Desemba nauli ilikuwa juu na watu walikuwa wanapigania viti. Januari baada ya sikukuu ndege zinaenda nusu tupu. Hilo nililielewa papo hapo, ni kama basi la kuteremka Mombasa wiki ile ambayo kila mtu anapanda Nairobi.

"Sasa mzee," akasema, "ziko njia mbili. Zote unabadilisha ndege Ulaya. Hii ya kwanza unangoja saa mbili. Hii ya pili unangoja saa kumi na moja. Bei ni moja."

"Hiyo ya kumi na moja."

Akaondoa simu begani. "Mzee, kumi na moja ni ndefu sana. Ni siku nzima kwa kiti."

"Binti yangu, wewe umewahi kuachwa na basi Salama ukiwa msalani?"

"Hapana."

"Mimi mara mbili. Niandikie kumi na moja."

Akaandika, akitikisa kichwa, zile kalamu zikitikisika naye. Tena aliniuliza kama ningependa kufika siku ya wikendi, ili anayenipokea awe amepumzika. Nikamwambia siku yoyote, huko wote wako nyumbani.

Kituoni mkubwa wangu alinipa ruhusa bila kuinua macho. Nilimkabidhi mwenzangu ufunguo wa kiwanja na kumfundisha kuandika sifuri, jambo lililochukua dakika moja. Wanakanisa waliniombea. Nilipewa koti na mwalimu mmoja aliyekuwa ameletewa na jamaa kutoka ng'ambo, zito kuliko ndama, nikalivaa kutoka Kiboko katika jua lile hadi uwanja wa ndege. Nilitokwa na jasho la kujaza mtungi wa shaba. Ndani ya sanduku nilikuwa na ndengu, unga wa wimbi, na kitambaa cha kichwa cha mama yake, kile cha kahawia, nilichokuwa nimekikunja mara nne.

Zile saa kumi na moja za Ulaya nitazikumbuka hata nikisahau jina langu. Ukumbi ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Kiboko yote ingeingia, na mbuzi wake. Mimi nililelewa kumsalimu mtu ninayepishana naye. Nilisalimia watu wasiopungua mia nne. Walionijibu ni wawili, na mmoja wao alikuwa anafagia. Kufika saa ya sita niliacha kusalimia, nikakaa nikiwa nimekumbatia koti. Nilitumia nafasi hiyo kuyapanga maneno. Kwanza nitamwambia jinsi mama alivyoanza kulalamika mgongo. Halafu safari ya hospitali. Halafu telegramu. Niliyasema kimya kimya, mwanzo hadi mwisho, mara tatu. Mara zote tatu nilipofika kwenye telegramu nilikohoa.

Binti alinipokea amevaa sare ya kazi chini ya koti. Nilidhani amevaa ili nimwone alivyopendeza. Alinikumbatia muda mrefu, na nilipomshika mabega nikahisi mifupa.

"Baba, umezeeka."

"Ni njia, mwaitu. Nilipotoka Kiboko nilikuwa kijana." Mwaitu ni mama kwa lugha yetu, na nilimwita hivyo tangu akiwa mchanga, maana alibeba jina la mama yangu.

Alinifikisha nyumbani kwake, gorofa ya saba, akanionyesha jiko, choo, kitanda alichonipa yeye akahamia kwenye kochi. Akanichemshia chai. Akatazama saa. "Baba, nisamehe. Naingia kazini baada ya saa moja. Nitarudi asubuhi."

Basi ndivyo wiki tatu zilivyokwenda. Nilikuja kujifunza kwamba theluji, ambayo mimi niliiona kama mapumziko ya ardhi, kwao ndiyo msimu wa mavuno wa hospitali. Watu wanateleza wanavunjika nyonga. Wazee wanabanwa na kifua. Wauguzi wenyewe wanaugua mafua, na wale wanaobaki wanafanya zamu mbili mbili. Alitoka giza, akarudi giza, na katikati alilala kama gogo. Tuliandikiana kwenye vikaratasi mlangoni mwa friji. "Baba, kuna kuku ndani ya sufuria." "Nimeona, asante." "Baba, ukitoka vaa soksi mbili." "Sitoki." Tulikuwa tukiandikiana zaidi kuliko nilipokuwa Kiboko, tena bila kungoja wiki tatu.

Mchana nilikaa dirishani. Niliona magari yakipita taratibu bila sauti. Jirani wa mlango wa pili alikuwa mzee kama mimi. Nilimwona mara mbili kwenye lifti, tukatazama namba za gorofa kwa bidii sana. Siku ya tano mikono yangu ilikosa kazi mpaka nikatoa sufuria nje kwenye roshani, nikaiacha usiku mzima, na saa tatu asubuhi nikaiingiza, nikayeyusha kilichokuwamo, nikapima kwa kikombe. Siku ya sita vilevile. Nikaandika nyuma ya bahasha. Wiki hizo tatu sikuandika sifuri hata moja, jambo ambalo halijawahi kumtokea mpima mvua wa Kiboko, na sikuwa na mtu wa kujivunia naye.

Nilijaribu kumwambia. Mara ya kwanza alikuwa mezani, amerudi saa mbili asubuhi. Nikasema, "Mwaitu, kuhusu mama yako." Akasema, "Ndiyo baba," na alipokwisha kusema hivyo alikuwa amelala, uma mkononi. Nikauondoa. Mara ya pili ilikuwa Jumapili mchana, tumetoka kanisani, amevua viatu, nimempa maji kama inavyotakiwa. Simu ikalia. Muuguzi mwingine alikuwa mgonjwa. Akavaa viatu.

Mara ya tatu siwezi kuilaumu hospitali. Ilikuwa jioni yake ya pekee ya kupumzika, wiki ya mwisho, na alikaa kwenye kochi amekunja miguu, macho makavu, hana usingizi. Akasema, "Mara ile ya kwanza ulitaka kuniambia kitu juu ya mama." Nafasi ilikuwa wazi kama uwanja wa mpira. Nami nikaanza kumsimulia jinsi mama wa duka alivyomfukuza nyani aliyemwibia mkate. Nyani mmoja nikamfanya saba. Alicheka mpaka akafuta machozi. Akaenda kulala. Nilibaki pale nikiitazama sufuria kwenye roshani, nikijiona mjinga wa kutosha nchi mbili.

Kesho yake nilimuuliza kwa nini hakuniambia Januari haifai.

"Nilikuandikia Julai, baba."

"Uliandika pia mwezi nitakaoweza ndio huo. Mbona hukuniambia nisije?"

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Nimwambie baba yangu asije?"

Siku ya kuondoka alitoka zamu ya usiku moja kwa moja, hakupita nyumbani, tukakutana uwanja wa ndege wa mji ule, mimi nimeletwa na teksi aliyoilipia. Ndege ilitakiwa kuruka saa nne asubuhi. Saa tatu theluji ilianza kumwagika kwa hasira, na ubao wa ndege ukaandika kwamba tutangoja hadi saa nane. Watu wakaguna, wengine wakapiga kelele kwenye dirisha la tiketi. Binti yangu alikaa kwenye kiti cha plastiki kando yangu. "Baba, niache dakika tano tu. Tano halafu uniamshe, tuongee." Akalaza kichwa kwenye bega la lile koti zito.

Sikumwamsha dakika tano. Saa yangu niliitazama ikipita nusu saa, saa moja, saa mbili. Mkono ulikufa ganzi mpaka begani. Nilijiambia namwonea huruma, na ni kweli nilimwonea, lakini kila dakika aliyolala ilikuwa pia dakika ambayo sikuhitaji kusema. Ilipobaki saa moja na kitu nilijua kwamba nikipanda ndege ile bila kusema, nitakuwa nimeizunguka dunia na kurudi na mzigo uleule, na Januari itakayofuata nitakuwa nao jikoni, mimi na redio.

Nikamgusa shavu. "Amka, mwaitu."

Nilimletea maji kwenye kikombe cha karatasi. Akanywa. Nikakitoa kile kitambaa cha kahawia, ambacho wiki tatu hakikutoka sandukuni, nikakiweka mapajani mwake. Kisha nikaanza kutoka mwanzo. Mgongo uliomuuma kwa wiki nzima akasema ni kuchota maji. Safari ya Mutomo. Kitanda cha dirishani. Nilivyofika nimevaa kiatu cheusi na kingine cha kahawia kwa haraka, naye akawaonyesha wagonjwa wenzake na kucheka mpaka muuguzi akaja. Uji aliokubali asubuhi ya siku ya pili, vijiko vinne, bila sukari. Na posta.

"Nilitaka kwenda posta," nikasema. "Alinizuia. Alisema una mtihani. Nami nilimtii. Hata alipokwisha kufariki nikangoja. Si posta iliyochelewa. Ni mimi."

Alikuwa anakunjua kitambaa na kukikunja tena kwenye mikunjo ileile. Nje gari la kusukuma theluji lilipita, likarudi, likapita.

"Alisema hivyo yeye mwenyewe?"

"Alisema. Mara mbili."

"Alitumia maneno gani?"

Nikamwambia maneno yenyewe, kwa Kikamba, kama yalivyotoka.

"Baba, hapo umeongeza chumvi?"

"Hata chembe."

Akafumba macho. "Kumbe ningekuja," akasema. "Ningeacha huo mtihani nikaja."

"Najua. Na yeye alijua."

"Ungeniachia mimi nichague."

"Ndiyo, mwaitu. Ningekuachia."

Maneno niliyoyabeba miaka miwili, na saa kumi na moja za Ulaya, na wiki tatu za dirishani, yalikuwa yamekwisha hata maji ya kikombe hayajaisha. Nilingoja anikasirikie. Ningefurahi kama angepiga kelele, wote pale walikuwa wanapiga kelele. Aliutazama mlango wa abiria, ambao wasindikizaji hawauvuki, watu wakianza kupangana mbele yake. Kisha akanigeukia, macho mekundu kwa usingizi na kwa mengine.

"Anza tena," akasema. "Anza pale alipoumwa mgongo. Usiruke."

Nikaanza tena. Mkono ulikuwa bado na ganzi, akanibebea mfuko. Sauti kutoka juu ikaita namba ya ndege yangu, tukasimama, nikaendelea kusimulia tukiwa kwenye mstari. Tulisogea hatua moja moja. Mbele yetu kulikuwa na mama mwenye watoto wawili, na mara nyingi mstari ukisimama nilishukuru. Mfanyakazi wa mlangoni aliponyoosha mkono kuchukua tiketi, nilikuwa nimefika kwenye uji, kijiko cha tatu.

"Endelea," binti yangu akasema.

"Mzee, tiketi," akasema yule mfanyakazi kwa lugha yao.

Nikampa, huku nikimwambia binti yangu habari ya kijiko cha nne.